Shajara ya podikasti ya Just A Band: tulipofika mpaka sasa

Januari, wiki za kwanza

Haya wadau, kazi imeanza. Mradi wenyewe ni podikasti ya Kiswahili kuhusu Just A Band, safari yao yote, kuanzia enzi za Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003 mpaka kila mmoja alipoenda na kazi yake. Nitakuwa naandika hapa tumefika wapi, tumeamua nini na kwa nini, ndo wale mlioomba kusaidia mjue pa kuingilia, na pia sisi wenyewe tusipotezane manake maamuzi mengi tunayafanya kwa voisi noti usiku na asubuhi kila mtu anakumbuka lake.

Kwa nini wao? Muulize mtu yeyote wa Nairobi wa rika langu akutajie bendi ya indie ya Kenya, yani bendi inayojisimamia bila lebo, atawataja kabla hujamaliza swali. Sasa mwambie akutajie nyimbo zao. Atasema Makmende, halafu kimya. Na Makmende si wimbo, ni mhusika wa kwenye video, wimbo unaitwa Ha-He! Hiyo kitu inaniuma kusema ukweli. Hawa jamaa wametoa albamu tatu, Scratch to Reveal 2008, 82 mwaka uliofuata, na Sorry for the Delay 2012, na sisi tumebaki na video moja mkononi. Karibu kila nilichosoma juu yao kiko kwa Kiingereza, na kingi kinahusu wiki chache tu za 2010. Nataka mtu wa Kisauni, wa Kondele, wa Tandika aisikie hii stori kwa lugha anayopigia stori na marafiki zake.

Tuko watatu. Mimi naandika skripti na ndo sauti mtakayosikia, mwenzangu anashika saundi, na binamu yangu aliye Mombasa ndo msikilizaji wetu wa majaribio. Yeye hii bendi haijui kabisa, taarab na bongo fleva ndo vyake, kwa hivo akipotea mahali tunajua hapo pana kazi.

Januari, mwisho mwisho

Skripti ya kipindi cha kwanza imekaa sawa, inaenda 2003 mpaka 2008. Nimepata tabu na huu mwanzo ju nilikuwa nataka kukimbia nifike kwa albamu, lakini mwenzangu wa saundi akanisimamisha, akasema hebu ngoja, hii miaka mitano kabla ya albamu ya kwanza si ndo stori yenyewe? Na kweli. Bendi ni watu wanne: Bill Sellanga ambaye wengi mnamjua kwa jina la Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Vijana wa chuo, huko Kahawa barabara ya Thika, enzi hizo barabara yenyewe bado haijapanuliwa.

Kumbukeni redio ilikuwa inapiga nini. Studio ya Ogopa walikuwa na saundi yao, Calif Records wakaja na genge, ile rap ya mtaani, wasanii wake Nonini na Jua Cali wako kila matatu, na ukitaka kutoka ulikuwa unapanga foleni kwa prodyuza. Studio ya kulipia kwa saa unaimba huku jicho liko kwa saa ya ukutani. Hawa walichagua njia ingine, wakafanya vitu vyao kwa kompyuta, wenyewe, wakarudia mpaka wakaridhika. Ukiwa na mashine yako huna wa kukuambia muda umeisha. Kwangu hicho ndo kilichowapa ile saundi, hausi na fanki na disko na sinthi, ukiweka juu yake sauti za kuimba za vijana ambao wazi wamekua na redio ya kila aina, na hakuna haraka ndani yake.

Alafu Iwinyo Piny. Ndo wimbo tunaofungulia kipindi. Jina la Kijaluo, biti ya elektroniki. Tayari 2002 Gidi Gidi Maji Maji walikuwa wameshafanya nchi nzima iimbe kwa Kijaluo wakati wa ule uchaguzi, kwa hivo masikio yalikuwa wazi, lakini ile ilikuwa hip hop ya kifua mbele. Hii ni laini, inaelea, ni pop ya mtu anayefikiria. Binamu yangu alisikiliza mara mbili akaniandikia: "Kaka, sielewi neno hata moja lakini nimeuweka tena." Hiyo tumeiweka kwenye skripti vile vile.

Na mwaka wenyewe 2008 hatuwezi kuupita kimya. Nchi ilikuwa imetoka kuungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, na mwaka huo huo hawa wanatoa albamu ya kwanza, ya watu wa makabila tofauti wanaoimba kwa Kiingereza, Kiswahili na Kijaluo kwenye diski moja. Sijawawekea maneno mdomoni kwamba ilikuwa siasa. Nimeeleza tu ilivyokuwa, msikilizaji ataunganisha mwenyewe.

Februari

Mwezi huu umekuwa wa ubishi mmoja tu: Makmende akae wapi.

Mwenzangu alitaka tumfungulie mlango, kipindi cha kwanza dakika ya kwanza, ju ndo mtu anamjua na ndo atabofya. Hoja yake ina nguvu, hasa ukifikiria vile watu wanasikiliza sekunde chache wanahama. Mimi nilikataa. Ukimtanguliza Makmende kila kitu kingine kinakuwa kabla ya Makmende na baada ya Makmende, na hapo tumerudia kile kile tulichosema tunakiondoa. Tumekubaliana anaingia kipindi cha tatu, katikati, akiwa amezungukwa na kazi nyingine pande zote. Nimeridhika sana na huo uamuzi.

Lakini kwa vile tumempa kipindi kizima basi tumechimba, na humu ndo nimejifunza zaidi kuliko mahali pengine popote kwenye huu mradi. Watu wanasema ile video "ilisambaa tu". Hakuna kitu husambaa tu. Fikirieni, mpaka katikati ya 2009 intaneti ya Kenya ilikuwa inapita kwa setilaiti, bei iko juu, spidi iko chini, saiba unalipa kwa dakika na video ya YouTube unaifungua unaenda kunywa chai. Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, ikaanza kazi kutoka pwani yetu, kebo ingine ya TEAMS nayo ilikuwa imeshafika Mombasa mwaka huo huo. Machi 2010, hata mwaka haujaisha, Ha-He inatoka. Yani barabara ilikuwa imefunguliwa juzi na hawa wakawa kati ya magari ya kwanza kupita.

Hilo ni la kwanza. La pili ni jina. Makmende hawakumtunga wao, jina lilikuwa mtaani tangu tukiwa watoto, mtoto akijifanya mkali kupita kiasi anaambiwa wewe unajifanya Makmende. Kwa hivo siku video inatoka, mamia ya maelfu ya watu walikuwa na huyo mhusika kichwani tayari, hawajawahi kumwona uso tu. Bendi ikampa uso, wa Kevin Maina aliyemwigiza, ikampiga picha kwa mtindo wa zile filamu za Wamarekani weusi za miaka ya sabini, ngumi, miwani, besi ya fanki chini, na watu wakamtambua papo hapo kama jirani aliyekuwa amesafiri.

La tatu, na hapa ndo ufundi wao naona haujapewa heshima yake: hawakutoa video peke yake. Zilikuweko jalada za magazeti za kubuni, mabango, wahusika wengine wenye majina yao. Kulikuwa na mahali pa wewe kuingia na kuongeza lako. Watu wakaongeza, Twitter na Facebook zikajaa sifa za Makmende, picha za kuunganisha, kila mtu na yake. Wikipedia ya Kiingereza ukurasa wake ukafutwa mara kadhaa kabla haujakubaliwa kubaki, na hilo lenyewe likaongeza moto. CNN wakaripoti, Wall Street Journal wakaandika. Wakati ule habari za Kenya huko nje zilikuwa bado ni zile za machafuko, na ghafla habari ni kwamba Wakenya wanafurahi pamoja kwa intaneti kwa kitu chao wenyewe. Nilipofika hapo kwa skripti nilisimama kidogo, ju nilikuwa nimesahau ile hisia, vile kwa wiki kadhaa ungefungua simu au kompyuta na wote mko kwa stori moja na haikuwa mbaya.

Kipindi hiki kitakuwa kirefu kuliko vingine. Acha kiwe.

Machi

Mwezi wa makaratasi. Kwa ufupi: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu kutumia sehemu ya kazi ya mtu kwa ajili ya kuhakiki mradi utaje mwenyewe, kwa hivo vipande tunavyochambua vitakuwa vifupi, na kila kipande mtanisikia naongea juu yake, hatuachi wimbo ukajiendea kama mapambo. Kwa muziki wa kufungulia na kufungia tumetengeneza wetu. Tumeandika pia kuomba ruhusa ya matumizi marefu zaidi kwa nyimbo mbili, tunasubiri.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kutafuta vitu. Hii ndo shida ya kuandika juu ya bendi iliyojisimamia, hakuna ghala la lebo mahali ambapo kila kitu kimewekwa kwa boksi na tarehe. Bendi nyingi ndogo za miaka ile duniani kote ziliweka nyimbo kwa mtandao wa MySpace, na 2019 kampuni ikatangaza kwamba muziki uliopandishwa kati ya 2003 na 2015 umepotea wakati wa kuhamisha seva. Hiyo ndo miaka yenyewe! Alafu kurasa za intaneti zilizotengenezwa kwa programu ya Flash zikafa mwisho wa 2020. Kwa hivo CD na karatasi zimekuwa ndo kumbukumbu ngumu kuliko intaneti, nani angedhani.

Dada mmoja wa Buru Buru alituletea CD yake ya Scratch to Reveal. Alitukabidhi akiwa ameishika kwa mikono miwili, akasema: "Chukueni, lakini irudi, wadogo zangu, hiyo ndo ilinimalizia chuo." Imesharudi dada, asante sana. Tuliiskiza kwa spika kubwa badala ya simu na mwenzangu akawa anasimamisha kila mahali, skia hiyo besi imekaa chini ya kick drum haigombani nayo, skia vile sauti za nyuma zimetandazwa kushoto na kulia. Vitu ambavyo kwa simu havisikiki. Tumeamua kipindi cha kwanza kiwe na onyo mwanzoni: vaa hedfoni.

Aprili

Kipindi cha pili kimerekodiwa, kinahusu albamu ya 82 na mazingira yake. Hii albamu naipenda kuliko zote tatu na najua kuna watakaobishana, karibuni.

Kuna Usinibore, ambayo nafikiri ndo pop safi zaidi waliyowahi kuandika, unaweza kumwekea mtoto na unaweza kumwekea mtu mzima. Alafu kuna Migingo Express. 2009 ndo mwaka Kenya na Uganda walikuwa wanavutana juu ya kile kisiwa cha Ziwa Victoria, jiwe la kama nusu ekari lililojaa mabati na wavuvi, wabunge wanapiga kelele, magazeti kila siku, na hawa wakachukua hilo jina wakaliweka kwa albamu ya kucheza. Ndo maana nasema walikuwa wanasoma gazeti hawa jamaa. Binamu yangu hakuwa na habari na Migingo kabisa, kwa hivo tumeongeza dakika nzima ya maelezo, na nimeona imekuwa bora hata kwa sisi tuliojua.

Halafu pesa. Hapa tulibishana na skripti zaidi ya mara moja ju swali la msikilizaji ni rahisi: walikuwa wanakula nini? Jibu la bendi ya aina hii halikai kwenye mauzo ya CD, pale River Road mjini Nairobi ulikuwa unapata nakala ya wizi ya chochote kwa bei ya soda. Linakaa kwenye shoo, na zile shoo zilihitaji mahali. Goethe na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa pale mjini kati, walikuwa na kumbi ambazo bendi isiyo na wimbo kwa redio inaweza kupanda ikapigwa makofi. Mwanamuziki Muthoni Drummer Queen akaanzisha tamasha la Blankets and Wine 2008, na ghafla kuna mahali pa Jumapili ambapo watu wanakaa kwa nyasi na wamekuja kusikiliza nyimbo ambazo hawazijui. Mimi naamini bila hivyo viwanja vitatu hakuna indie ya Nairobi tunayoizungumzia leo. Na hawa walikuwa na silaha ya ziada, walijua kupiga picha, kuchora, kuhariri video. Wimbo ukiisha wao ndo wanaifanya video yao, hawangojei mtu. Kwa bendi isiyo na lebo hiyo ni nusu ya bajeti imebaki mfukoni.

Kuna msomaji wa hii shajara aliuliza mbona podikasti si ya Sauti Sol, ile bendi ingine ya Nairobi. Swali zuri. Sauti Sol ni safari ingine, nyimbo za sauti na gita, kukua mpaka viwanja vikubwa, albamu ya 2020 kwa Universal, na kuagana na mashabiki kwa tamasha Novemba 2023. Ni stori yenye mwanzo na mwisho unaoonekana na wengi wameshaisimulia vizuri. Just A Band haina huo mwisho wa jukwaani, na ndo maana inahitaji mtu akae nayo.

Mei, mwanzo

Kipindi cha nne ndo kimetuchelewesha. Kinahusu Sorry for the Delay na Jim Chuchu kutoka kwenye bendi. Kuna uvumi mwingi tumetumiwa, nani aligombana na nani, na nimeuweka wote kando. Hakuna hata sentensi moja ya uvumi itakayoingia. Hao ni watu wazima walioamua mambo yao, na kitu ninachoweza kukionyesha kwa ushahidi ni kazi.

Na kazi ipo. Mwanzoni kipindi cha nne ndo kingekuwa cha mwisho, albamu ya tatu imetoka, kwaherini. Lakini nilipoanza kupanga tarehe kwa ukuta nikaona haiwezekani kuishia pale. Chuchu akawa mmoja wa waanzilishi wa The Nest, kundi la wasanii la Nairobi, na 2014 wakatoa Stories of Our Lives, filamu kuhusu maisha ya Wakenya mashoga na wasagaji, ikaonyeshwa kwa tamasha la filamu la Toronto, ikapigwa marufuku hapa nyumbani, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya jopo la Teddy, zile tuzo za filamu za mashoga na wasagaji kwa tamasha la Berlin. 2016 Mbithi Masya anaongoza Kati Kati, filamu ya watu waliokufa wakajikuta kwenye hoteli katikati ya nyika, nayo ikapata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI huko huko Toronto. 2018 Blinky Bill anatoa albamu yake ya kwanza peke yake. Angalia hizo tarehe alafu uniambie bendi iliisha 2012.

Mwenzangu aliuliza swali la haki kabisa: hii si podikasti ya muziki? Filamu zinaingiaje? Jibu langu ni kwamba ukitazama Ha-He leo, sasa ukijua walikoenda, unaona watu wanaojifunza kuongoza filamu kwa kutumia wimbo wao wenyewe kama shule. Wapi pa kuweka kamera, mhusika anaingiaje, kicheko kikae sekunde ngapi. Hakuna aliyewalipia hiyo shule. Muziki ulikuwa ndo mahali pa kufanyia mazoezi ya kila kitu, na kila mmoja alipotoka alitoka na ufundi. Alikubali, na akaongeza wazo ambalo ni bora kuliko langu: kipindi cha tano kisiwe na muziki wa albamu hata mmoja, kiwe na saundi za mtaa tu na sauti yangu, ndo msikilizaji asikie pengo.

Mei, katikati

Tumerekodi nusu ya kipindi cha tano. Wazo la kuondoa muziki linafanya kazi, ila limenifanya niandike upya karibu kila aya ju kumbe nilikuwa naegemea nyimbo zinibebe. Binamu yangu amesikia dakika kumi za kwanza, akapiga simu badala ya kuandika, akaniambia: "Sasa mimi nataka kuzitazama hizo filamu, nazipata wapi?" Tutaweka maelezo kwa mwisho wa kipindi.

Ruhusa ya wimbo mmoja imekuja, bado mmoja.

Tulichobakisha: kurekodi tena mwanzo wa kipindi cha nne manake jirani alikuwa anachomelea geti na inasikika chini kwa chini, kukagua matamshi ya Kijaluo na mtu wa Kisumu aliyejitolea, na kupanga sauti za vipindi vyote zifanane kiwango, kisije kimoja kikakupasua masikio na kingine unanong'onezwa. Kama una tiketi, bango, picha au CD ya shoo yao yoyote kati ya 2008 na 2012, piga picha pande zote mbili utuandikie uliipata wapi, hatuhitaji kuichukua. Zaidi tunatafuta vitu vya kabla ya 2010, hivyo ndo vichache. Kipindi cha kwanza kinaenda hewani Ijumaa ya mwisho ya mwezi.